Kutuliza Feni Bila Kuzuia Hewa: Historia ya Upunguzaji wa Kelele za Feni za Kutolea Hewa Ulaya na Marekani, 1736–1962

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya juhudi za kupunguza kelele za feni za kutolea hewa, kuanzia gurudumu la kuzungushwa kwa mkono lililotumika katika Bunge la Uingereza mwaka 1736 hadi utafiti wa mitambo ya feni za injini za ndege uliochapishwa mwaka 1962. Mfano mkuu ni feni kubwa za mvuke za Reli ya Mersey kati ya Liverpool na Birkenhead, zilizoanza kazi mwaka 1886. Hoja inayotetewa ni kwamba suluhisho lililodumu ni lile lililorekebisha mwendo wa hewa mahali kelele inapozaliwa, na kwamba suluhisho hilo lilipatikana kabla ya kuwapo kwa kipimo chochote cha kawaida cha sauti. Kipimo kilipokuja kiliongeza uwezo wa kukadiria na kueleza, lakini pia kilirahisisha tabia ya kuificha kelele mbali na chanzo chake badala ya kuiondoa.

1.0 Utangulizi

Feni ya kutolea hewa hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: huondoa hewa chafu na huleta kelele. Jambo la kwanza limeandikiwa historia ndefu, kwa kuwa linahusu uhai wa wachimba migodi, wagonjwa hospitalini, mabaharia na wasafiri wa reli za chini ya ardhi. Jambo la pili hutajwa kwa kifupi, kana kwamba ni usumbufu mdogo unaostahili kuvumiliwa. Hata hivyo, mara nyingi kelele ndiyo huamua iwapo feni itaendelea kuzunguka au itazimwa. Mpishi anayeifunga feni ya jikoni ili asikie anachoambiwa, na mgonjwa anayeomba feni ya wodi izimwe usiku ili apate usingizi, wote wamelazimishwa kuchagua kati ya pumzi na utulivu. Feni iliyozimwa haina kelele, lakini pia haitoi hewa. Kwa hiyo historia ya kupunguza kelele ya feni ni sehemu ya historia ya hewa safi yenyewe.

Kabla ya kuingia katika historia hiyo, inafaa kutofautisha aina tatu za kelele zitakazotajwa. Ya kwanza ni kelele ya mapigo. Kila panga la feni linapopita mbele ya kizuizi kisichosogea, kama vile ukingo wa ganda la feni, husukuma hewa kwa ghafla. Mapigo hayo yakirudiwa mara nyingi kwa sekunde husikika kama mlio wenye sauti maalumu. Ya pili ni kelele ya mvurugiko, yaani ule mvumo usio na mlio maalumu unaotokana na hewa inayopasuka na kujizungusha inapopita kwenye mapanga, kona na nyavu. Ya tatu ni kelele ya mitambo: beringi, mikanda, mota, na mtikisiko unaosafiri kwenye kuta na sakafu. Aina hizi tatu zina vyanzo tofauti, na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Sehemu kubwa ya historia inayofuata ni historia ya watu waliojifunza kuzitofautisha.

2.0 Feni ya polepole: Bunge la Uingereza, 1736

Feni za kupeleka hewa migodini zilikuwapo Ulaya muda mrefu kabla ya karne ya 18. Georgius Agricola alizionesha kwa michoro katika kitabu chake cha madini, De Re Metallica, kilichochapishwa mwaka 1556. Lakini feni iliyoleta suala la hewa ndani ya ukumbi wa mazungumzo, mahali ambapo kusikilizana ndiyo kazi yenyewe, ni ile ya John Theophilus Desaguliers. Desaguliers alizaliwa La Rochelle, Ufaransa, mwaka 1683, katika familia ya Waprotestanti waliokimbilia Uingereza, akawa mwanachama wa Royal Society na msaidizi wa Isaac Newton katika majaribio.

Ukumbi wa Bunge la Makabwela wakati huo ulikuwa mdogo, ulijaa watu, na uliwashwa mishumaa. Joto na harufu vilipanda pamoja. Desaguliers alibuni gurudumu lenye kipenyo cha futi 7, yaani takribani meta 2.1, lililogawanywa kwa mapanga na kufungiwa ndani ya ganda la duara. Mtu mmoja alilizungusha kwa mkono, na gurudumu likavuta hewa yenye joto kutoka ukumbini au kusukuma hewa mpya, kadiri ilivyohitajika. Mtu huyo aliitwa kwa jina lenye maana ya mpitisha hewa, jina ambalo baadaye lilihamia kwenye chombo chenyewe.

Kwa suala la kelele, muhimu hapa ni mkono wa mwanadamu. Gurudumu la kipenyo cha meta 2.1 likizungushwa mara moja kwa sekunde, ncha za mapanga yake huenda kwa kasi isiyozidi meta 7 kwa sekunde. Nguvu ya mtu mmoja haikuruhusu kasi kubwa kuliko hiyo kwa muda mrefu. Feni ya Desaguliers ilikuwa kubwa na ya polepole si kwa sababu mbunifu alitaka utulivu, bali kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Utulivu ulitokana na uchache wa nguvu. Mvuke ulipokuja, kikwazo hicho kiliondoka, na kinga iliyokuwa imetolewa na udhaifu wa mkono ikaondoka pamoja nacho.

3.0 Feni ya Guibal na pigo la kila panga

3.1 Ganda, dohani na lango

Katikati ya karne ya 19, migodi ya makaa ya mawe ilizidi kwenda chini, na njia ya zamani ya kuvuta hewa kwa kuwasha moto mkubwa chini ya shimo haikutosha tena na ilikuwa hatari penye gesi inayolipuka. Théophile Guibal, mhandisi na mwalimu wa uchimbaji madini katika mji wa Mons, Ubelgiji, alitoa mwishoni mwa miaka ya 1850 muundo wa feni ulioenea haraka katika Ubelgiji na Uingereza.

Feni za kabla yake nyingi zilikuwa wazi pande zote na zilitupa hewa ovyo kila upande. Guibal alifanya mambo matatu. Kwanza, aliifunga feni ndani ya ganda la matofali lililoizunguka kwa karibu. Pili, aliongoza hewa itoke kupitia dohani inayopanuka kadiri inavyopanda juu, ili kasi ya hewa ipungue taratibu na nguvu yake isipotee bure. Tatu, aliweka lango la kuteleza mahali ganda linapokutana na dohani, ili upana wa njia ya kutokea uweze kurekebishwa kulingana na mgodi. Feni hizi zilikuwa kubwa mno. Zile zenye kipenyo cha futi 30 au 40, yaani meta 9 au 12, hazikuwa za ajabu.

Lango hilo, lililokuwa moja ya sifa kuu za muundo wa Guibal, ndilo lililoleta kelele yake. Ukingo wa chini wa lango ulikuwa umenyooka, na ukingo wa kila panga ulikuwa umenyooka vilevile, sambamba na lango. Kwa hiyo panga zima, kwa upana wake wote, lilifika kwenye ukingo kwa nukta moja. Hewa iliyokuwa ikitoka kwa wingi ilikatwa ghafla, kisha ikaachiwa ghafla panga lililofuata liliposogea. Badala ya mkondo mmoja, dohani ilitoa mfululizo wa mapigo.

Mfano wa hesabu unasaidia kuona ukubwa wa tatizo. Feni yenye mapanga 10 inayozunguka mara 45 kwa dakika hutoa mapigo 450 kwa dakika, sawa na 7.5 kwa sekunde. Sikio la binadamu huanza kusikia mlio kwenye mitetemo takribani 20 kwa sekunde. Mapigo ya feni kama hiyo yako chini ya kiwango hicho: hayasikiki kama mlio, bali huhisiwa kifuani, hutikisa vioo vya madirisha na kugonganisha vyombo kabatini. Juu ya mgodi ulio mbali na makazi, jambo hilo lingeweza kuvumiliwa. Katikati ya mji lilikuwa jambo jingine kabisa.

3.2 Reli ya Mersey

Reli ya Mersey ilifunguliwa rasmi Januari 20, 1886. Ilipita chini ya mto Mersey na kuunganisha Liverpool na Birkenhead kwa njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, na ilivutwa kwa garimoshi za makaa ya mawe. Mteremko kuelekea chini ya mto ulikuwa mkali: upande wa Liverpool treni ilipaswa kupanda meta 1 kwa kila meta 27 za mwendo. Garimoshi inayopanda mteremko wa namna hiyo huchoma makaa mengi na kutoa moshi mwingi, na moshi huo ulikuwa ndani ya tundu ambalo abiria walipita wakivuta pumzi.

Wahandisi wa reli hiyo walikuwa James Brunlees na Douglas Fox, wakisaidiwa na Francis Fox, ambaye alishughulikia kwa kina suala la hewa na baadaye akawa miongoni mwa wataalamu waliosikilizwa zaidi kuhusu hewa ya njia za reli za chini ya ardhi. Mpango wao ulikuwa kwamba hewa safi iingie kupitia stesheni, na hewa chafu ivutwe kutoka sehemu za katikati kwa feni kubwa za aina ya Guibal. Kwa njia hiyo abiria waliosimama stesheni wangepata hewa inayoingia, si inayotoka. Mpango huo uliweka feni kando ya mto pande zote mbili, yaani ndani ya miji miwili iliyojaa nyumba, maghala na ofisi.

Hapa ndipo tatizo la mapigo lilipogeuka kuwa tatizo la umma. Feni haikuweza kuhamishiwa mbali, kwa kuwa ilipaswa kuwa juu ya njia ya hewa. Haikuweza kupunguzwa kasi, kwa kuwa moshi ungebaki chini pamoja na abiria. Wala haikuweza kufunikwa, kwa kuwa mapigo mazito ya namna ile hupenya kuta za matofali bila shida. Kilichobaki ni kutazama upya mahali ambapo pigo lilizaliwa.

Suluhisho lilikuwa rahisi kiasi kwamba linaweza kuchorwa kwa mistari miwili. Badala ya ukingo ulionyooka, tundu la kutokea hewa lilikatwa kwa umbo la herufi V iliyopinduliwa. Panga lilipopita, halikukutana na ukingo kwa upana wake wote mara moja. Sehemu moja ya panga ilifika kwanza, nyingine baadaye kidogo, hadi panga zima likamaliza kupita. Hewa ilifungwa na kufunguliwa polepole, na kabla panga moja halijamaliza kuifunga njia, lililofuata lilikuwa limeanza kuifungua. Mapigo yaliyotenganishwa yaliungana na kuwa mkondo. Mtikisiko ulipungua sana, ilhali kazi ya feni ya kuvuta hewa haikupungua.

Watengenezaji wa feni za migodi, Walker Brothers wa Wigan, karibu na Liverpool, waliuza lango la namna hii kama lango la kuzuia mtikisiko, na feni yao waliipa jina lenye maana ya isiyoharibika. Kuwekwa pamoja kwa sifa hizo mbili kuna maana kubwa kihistoria. Pigo lililosumbua jirani ndilo lilelile lililogonga mapanga, ribiti na ekseli mara mamia kwa dakika, usiku na mchana. Mwenye mgodi ambaye hakujali usingizi wa mtu yeyote bado alikuwa na sababu ya kulinunua lango hilo. Kelele haikuwa kitu kilichoongezeka juu ya kazi ya feni. Ilikuwa dalili kwamba sehemu ya kazi hiyo ilipotea katika kugonga.

Ni lazima pia kueleza mipaka ya mafanikio hayo. Feni za Mersey zilitulizwa, lakini moshi haukushindwa. Abiria waliendelea kuulalamikia, wengi wakarudi kwenye feri za mtoni, na kampuni ikaangukia mikononi mwa wasimamizi wa madeni. Nafuu ya kweli ilipatikana Mei 3, 1903, treni za umeme zilipochukua nafasi ya garimoshi. Kwa hiyo kanuni ya kurekebisha chanzo ilijithibitisha mara mbili katika njia moja ya reli: mapigo yaliondoka ukingo wa lango ulipobadilishwa, na moshi uliondoka makaa yalipoachwa.

4.0 Mapanga mengi, kasi ndogo: feni ya Davidson

Hatua iliyofuata haikutokea mgodini wala relini, bali katika mashamba ya chai. Samuel Cleland Davidson, mzaliwa wa Ireland ya kaskazini, alifanya kazi ya kilimo cha chai nchini India kabla ya kurudi Belfast na kuanzisha kiwanda cha mashine za kukaushia majani ya chai. Mashine hizo zilihitaji hewa nyingi ya moto, na mwaka 1898 Davidson alipata hataza ya feni aliyoiita Sirocco, kwa jina la upepo wa joto unaovuka Bahari ya Mediterania.

Feni ya Guibal ilikuwa na mapanga machache na marefu. Ya Davidson ilikuwa pipa lenye mapanga mengi, mafupi na membamba, yaliyopinda kuelekea upande wa mzunguko. Kwa mpindo huo, hewa huondoka kwenye panga ikiwa na kasi kubwa kuliko kasi ya panga lenyewe. Matokeo yake ni kwamba kiasi kilekile cha hewa kiliweza kusukumwa na feni ndogo zaidi, huku ncha za mapanga zikienda kwa kasi ndogo zaidi. Davidson alitafuta wepesi na wingi wa hewa. Lakini kwa kuwa kelele ya feni hupanda kwa kasi kubwa pale ncha za mapanga zinapoongezewa mwendo, alifungua pia njia ya utulivu. Umbo lake la pipa lilienea katika hospitali, meli, kumbi na majengo ya ofisi, na hadi sasa linapatikana ndani ya feni nyingi za bafuni na jikoni.

Kelele ya mitambo nayo ilianza kushughulikiwa katika kipindi hicho. Mota ya umeme iliondoa kishindo cha injini ya mvuke, lakini iliiruhusu feni ikae juu ya dari au kando ya chumba cha watu, na hivyo ikaileta karibu na sikio. Mafundi walijifunza kuikalisha feni juu ya springi, mpira au kizibo cha gome badala ya kuifunga moja kwa moja kwenye zege, na kuweka kipande cha turubai laini kati ya feni na njia ya bati ili mtikisiko usisafiri kwenye bati lote. Kwa njia hizo jengo halikugeuka kuwa ngoma inayopigwa na feni.

5.0 Kelele yapata kipimo

Hadi miaka ya 1920 hapakuwa na njia ya kawaida ya kusema feni hii ina kelele kiasi gani kuliko ile. Mhandisi alitegemea sikio lake na malalamiko ya majirani. Mabadiliko yalitoka katika kazi ya simu. Wahandisi wa kampuni za simu za Bell nchini Marekani walihitaji kipimo cha jinsi sauti inavyofifia ndani ya nyaya ndefu. Kipimo walichokianza mwaka 1924 kilipewa mwishoni mwa miaka ya 1920 jina la desibeli, kwa heshima ya Alexander Graham Bell. Mwaka 1929 jiji la New York liliunda tume ya kupunguza kelele, iliyotembeza vifaa vya kupimia mitaani na kutoa taarifa yake mwaka 1930. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson walionesha kwamba sikio halisikii sauti nzito na sauti nyembamba kwa usawa, na mwaka 1936 Marekani ikatoa viwango vya muda vya kutengeneza mita za sauti. Mwaka huohuo S. S. Stevens alipendekeza sone, kipimo kinachofuata jinsi mtu anavyohisi ukubwa wa sauti, ambacho hadi leo huandikwa kwenye feni za nyumbani zinazouzwa Marekani.

Faida ya kipimo ilikuwa dhahiri. Mteja aliweza kudai, muuzaji aliweza kuahidi, na mahakama iliweza kupata ushahidi usiotegemea hasira ya mlalamikaji. Lakini kila kipimo huelekeza macho mahali fulani. Mita huwekwa pale mtu anapokaa, si pale panga linapopita kwenye ukingo. Ikiwa swali ni desibeli ngapi zinamfikia msikilizaji, basi jibu lolote linaloshusha namba linakubalika, hata kama feni yenyewe inaendelea kugonga kama zamani. Aidha, mizani ya mita iliyotungwa kufuata usikivu wa sikio hupunguza uzito wa sauti nzito. Mapigo 7.5 kwa sekunde, yale yanayotikisa vioo, yangekaribia kutoonekana kabisa katika namba yake.

6.0 Kuizima kelele njiani

Katika mazingira hayo zilizaliwa njia mbili za kuikamata kelele baada ya kuondoka kwenye feni. Ya kwanza ilikuwa kufunika kuta za ndani za njia ya hewa kwa nyenzo zinazomeza sauti. Mwaka 1940 Hale J. Sabine alichapisha utafiti wa ufyonzaji wa kelele katika njia za hewa, na kutoa kanuni iliyotumika kwa miongo mingi. Kwa maneno mepesi, kanuni hiyo yasema kwamba sauti hupungua zaidi kadiri mzingo wa njia unavyokuwa mkubwa ukilinganishwa na eneo lake la wazi. Njia moja pana yenye umbo la mraba humeza kidogo. Njia ileile ikigawanywa kwa mbao kadhaa zilizofunikwa nyuzinyuzi humeza sana, kwa sababu kila tabaka la hewa linapita karibu na ukuta.

Njia hii ni ya kweli na ina faida, lakini ina gharama. Mbao hizo huzuia hewa, na feni hulazimika kufanya kazi zaidi ili kuzishinda. Ikiongezewa kasi, hutoa kelele zaidi. Humeza sauti nyembamba kwa urahisi na sauti nzito kwa shida. Tena, miongoni mwa nyenzo zilizotumika kuvika njia za hewa katikati ya karne ya 20 ilikuwamo asbesto, ambayo nyuzi zake zinapovutwa husababisha magonjwa ya mapafu na saratani. Chombo kilichowekwa ili kumpa mtu hewa safi kwa utulivu kiliweza kumpelekea sumu katika hewa hiyohiyo.

Njia ya pili ilikuwa ya ujasiri zaidi. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza nchini Marekani mwaka 1936 kwa wazo la kuizima sauti kwa sauti. Mchoro wake unaonesha njia ya hewa, maikrofoni inayopokea sauti inayokuja, na kipaza sauti kilicho mbele kidogo, kinachotoa sauti iliyogeuzwa: panapokuwa na mgandamizo hutoa mlegezo, na penye mlegezo hutoa mgandamizo. Mawimbi mawili yakikutana hufutana. Fizikia yake ilikuwa sahihi, lakini vifaa vya wakati wake havikuweza kufuata mabadiliko ya sauti kwa uhakika uliotakiwa. Wazo hilo lilisubiri takribani nusu karne, hadi kompyuta ndogo za miaka ya 1980 zilipoliwezesha kufanya kazi katika njia za hewa. Hata hapo lilifaa zaidi kwa sauti nzito zinazosafiri ndani ya njia nyembamba, na halikuondoa haja ya feni nzuri.

7.0 Kurudi kwenye chanzo

Wakati wajenzi wa majengo walipokuwa wakivika njia za hewa, tawi jingine la elimu lilikuwa likirudi mahali Wahandisi wa Mersey walipokuwa wamesimama. Mwaka 1936 L. Gutin, mtafiti wa Kisovieti, alitoa nadharia ya sauti ya rafadha ya ndege inayotokana na nguvu ambazo mapanga yake huisukumia hewa. Mwaka 1952 James Lighthill aliweka msingi wa elimu ya sauti inayozaliwa na mwendo wa hewa yenyewe, na mwaka 1955 N. Curle akaongeza athari ya vitu vigumu vilivyomo ndani ya mkondo. Kwa pamoja, kazi hizi zilieleza kwa hesabu kile ambacho lango la V lilikuwa limekionesha kwa vitendo: panga linalobadilishiwa mzigo ghafla hupiga kelele, na ghafla hiyo ikipunguzwa kelele hupungua.

Wahandisi wa feni nao walifikia kanuni za makadirio zinazotumika hadi leo. Kwa feni za muundo mmoja, kasi ya mzunguko ikipunguzwa kwa nusu, nguvu ya kelele hushuka kwa takribani desibeli 15. Lakini hewa nayo hupungua kwa nusu. Ili kurudisha hewa hiyo, kipenyo cha feni lazima kiongezwe kwa takribani asilimia 26, na ongezeko hilo hurudisha desibeli 7 hivi. Faida inayobaki ni takribani desibeli 8, bila kupoteza hewa na bila kuongeza kifaa chochote cha kuzuia sauti. Hata hivyo, sharti moja haliepukiki: feni kubwa ya polepole hutoa msukumo mdogo, hivyo njia ya hewa lazima iwe pana, fupi, na isiyo na kona kali. Mjenzi anayebana njia ya hewa ili kuokoa nafasi juu ya dari huwa tayari amechagua feni yenye kasi, na kwa hiyo amechagua kelele, hata kabla feni haijanunuliwa.

Mwaka 1962 J. M. Tyler na T. G. Sofrin walichapisha uchunguzi wao wa kelele za kompresa za injini za ndege. Walionesha kwamba uhusiano kati ya idadi ya mapanga yanayozunguka na idadi ya mapanga yasiyozunguka huamua iwapo mlio utasafiri ndani ya njia au utafifia papo hapo. Kanuni hiyo ilihama kutoka kwenye ndege hadi kwenye feni za kawaida. Idadi ya mapanga hutofautishwa na idadi ya mihimili inayoshikilia mota, nafasi kati yao huongezwa, na mihimili hulazwa mshazari ili panga lisiifikie kwa upana wake wote mara moja. Katika feni za pipa, ukingo unaotenganisha njia ya kutokea huwekwa mbali kidogo na mapanga, au hukatwa mshazari. Hatua hii ya mwisho si nyingine ila lango la Mersey kwa kipimo cha kiganja.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba historia ya kupunguza kelele za feni haikuwa safari iliyonyooka kutoka ujinga hadi ujuzi. Feni ya Desaguliers ilikuwa tulivu kwa sababu ilikosa nguvu. Feni ya Guibal ilipata nguvu na ikazalisha pigo. Wahandisi wa Reli ya Mersey na mafundi wa Wigan waliliondoa pigo hilo kwa kubadili umbo la ukingo mmoja, bila mita, bila nadharia, na bila kupunguza hewa. Nusu karne baadaye, pamoja na ujio wa desibeli, juhudi nyingi zilihamia kwenye kuifyonza kelele njiani, hadi elimu ya sauti za hewa ilipoyarudisha macho kwenye panga na ukingo.

Funzo hilo halijapitwa na wakati. Kenya ilitunga kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo mwaka 2009, na Tanzania ikatunga za kwake mwaka 2015. Kutaja kelele na mitetemo kwa pamoja ni busara, kwa kuwa feni inaweza kumnyima jirani usingizi bila kutoa mlio unaosikika. Lakini kanuni hupima kinachomfikia jirani. Haziwezi zenyewe kumwambia fundi aanzie wapi. Historia inaweza. Humwambia aulize kwanza iwapo njia ya hewa imebanwa, iwapo feni ni ndogo na ya kasi mno, iwapo panga linapita karibu mno na ukingo, na iwapo mota imefungwa moja kwa moja ukutani. Maswali hayo yakishajibiwa, kinachobaki cha kufyonzwa huwa kidogo. Yasipojibiwa, mwisho wake unafahamika tangu mwanzo: mtu huchoka, hunyoosha mkono, huizima feni, na hubaki ndani ya chumba kitulivu chenye hewa chafu.